Mkono wa Mama Davis

Mwalimu Deusdedit alipendwa Ushirombo kwa sababu alijua kuchekesha. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima watupu, wengi akina mama wenye wajukuu, waliotoka shambani au sokoni na kuja moja kwa moja kwenye ukumbi wa kigango kujifunza ufinyanzi. Walifika wamechoka, migongo inawauma, wengine wakitangaza tangu mlangoni kwamba leo hawana nguvu za kukanda udongo. Deus aliwapokea kwa utani. Kabla hawajakaa walikuwa wameshacheka, na kabla kicheko hakijaisha mikono ilikuwa imeshaingia kwenye udongo.

Utani huo ulikuwa na historia yake. Ufinyanzi alifundishwa na mama yake mkubwa huko kijijini, na kwao hiyo ni kazi ya wanawake. Rafiki zake walipokimbilia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, yeye alibaki na vyungu. Waliporudi na pikipiki na simu kubwa walimwita Mayu Deusi, yaani mama Deusi, na walimwita hivyo mbele ya wasichana. Akagundua mapema kwamba mtu anayewahi kuchekesha hachekwi. Ukijicheka mwenyewe kwanza, au ukakigeuzia kicheko kwa mwingine kabla hakijakufikia, umepona. Kufikia umri wa kuoa ulimi wake ulikuwa unatangulia, yeye anafuata nyuma.

Kati ya wanafunzi wake alikuwepo Mama Davis, mjane mrefu, mkimya, mwenye umri wa kumzaa yeye. Aliishi na mkwe wake Vumilia na mjukuu wake Blessing, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Davis mwenyewe alishinda Isaka, kwenye kupakia na kupakua malori, na nyumbani alionekana mara chache. Zamani Mama Davis alikuwa mwaloni, kule dhahabu inakooshwa, lakini alikuwa ameacha. Darasani aliwahi kuliko wote. Aliteka maji, akafagia, akakaa mwisho wa meza, na mara nyingi Blessing alikuwa mgongoni amelala.

Mambo ya udongo aliyaelewa upesi. Akiambiwa udongo huu umezidi mchanga, alikuwa ameshaujua kwa kuusugua kati ya vidole. Tatizo lilikuwa kwenye kuujenga. Wenzake walipoviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, chungu kikapanda kikiwa wima, cha kwake kilipanda kikiyumba, na mdomo wake ukatoka na mawimbi. Alikibomoa na kuanza upya bila kulalamika.

Siku ya tukio lenyewe kulikuwa na joto na darasa lilikuwa zito. Deus alizunguka meza akitafuta pa kuanzia ili watu waamke. Akafika kwa Mama Davis, akakinyanyua chungu chake mbele ya wote.

"Jamani, hebu tazameni," alisema. "Huu ni mdomo wa chungu au ni barabara ya kwenda machimboni?"

Watu wakacheka. Angeishia hapo, lingekuwa neno la kawaida. Lakini Mama Davis alikuwa amenyoosha mkono kukipokea chungu chake, na mkono ule ukawa unatetemeka hewani, wazi, kila mtu anauona. Ulimi wa Deus ukawahi. Akaunyanyua wa kwake, akautetemesha vilevile.

"Mama Davis, gongo ya jana bado haijatoka mkononi. Unainywea kwa nani, tuje na sisi?"

Ukumbi ulilipuka. Sesilia, jirani yake mezani, alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya mikono yake. Mama Davis naye alicheka. Deus alikiona kicheko chake na akaridhika kwamba hakuna kilichoharibika. Mlangoni siku ileile alikuwa amemwamkia mama yule shikamoo, naye akamwitikia marahaba mwanangu, na hilo halikumjia kichwani hata kidogo. Aliona tu darasa limeamka. Akaendelea kufundisha kwa raha.

Mama Davis alikifunika chungu chake kwa nailoni, akamweka vizuri mtoto mgongoni, akaaga kama siku zote. Kipindi kilichofuata hakuja. Kingine pia hakuja. Deus akajiambia kuwa watu wazima ndivyo walivyo, leo wana hamu, kesho shamba linawaita.

Aliyemfungua macho ni mkewe, Tereza, tena bila kujua. Walikuwa wanakula ugali na kisamvu mchana, na Tereza akawa anasimulia ya sokoni.

"Umesikia ya Mama Davis? Kumbe anakunywa."

"Nani kasema?"

"Wanasema wote. Kwamba anakunywa gongo mpaka mikono inatetemeka. Vumilia amembeba mtoto wake amekwenda naye kwao Runzewe. Amesema hawezi kumwachia mlevi mtoto, siku moja atamwangusha kwenye moto." Tereza alikata tonge. "Na alivyo mtu wa kanisa. Lakini si yuko darasani kwako? Wewe hukuona dalili?"

Deus alisema hakuona. Alikula tonge lililokuwa mkononi mwake, akala na jingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza nani kasema, na jibu lake lilikuwa ni mimi. Mimi ndiye niliyelianzisha, nililitengeneza kwa mdomo huu ninaotafunia. Hakulisema. Alinawa, akatoka nje, akasimama karibu na rundo la udongo wake, akajifanya analikagua.

Siku zilizofuata hakwenda kwa Mama Davis. Alijua nyumba yake, haikuwa mbali. Kila asubuhi alisema leo nitapita, na kila jioni akawa na sababu: kuni za kuchomea vyungu hazijakauka, wateja wa Kahama wamepiga simu, mvua inaweza kunyesha. Jumamosi moja alimwona kwa mbali sokoni, anakuja upande wake na kapu kichwani, peke yake, mgongo mtupu. Deus alijitupa nyuma ya meza ya muuza dagaa na kuinama kana kwamba anachagua. Alikaa pale ameinama hadi kapu lile likapita.

"Mwalimu," muuza dagaa alimwambia, "unanunua, au umekuja kuwanusa?"

Alitamani kujibu kwa utani kama kawaida yake. Utani haukuja. Alinunua dagaa ambao hakuwahitaji, akaenda nyumbani uso unamuwaka. Mtu mzima, baba wa watoto, amejificha nyuma ya dagaa mama wa watu asimwone.

Siku iliyofuata, baada ya misa, alikwenda.

Mama Davis alikuwa uani akimenya mihogo ya kuanika. Alimkaribisha, akampa kigoda, akamuulizia mkewe na watoto, yote kwa utaratibu wake. Ukarimu huo ulimchoma Deus zaidi ya ambavyo matusi yangemchoma. Shikamoo yake ilitoka kwa sauti ya chini, na marahaba ikaja bila lile neno mwanangu.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya maneno yangu ya siku ile," alisema. "Nilikosa. Sikuwa na ushahidi wowote, nilitaka watu wacheke tu. Na nimesikia yaliyotokea kwa mjukuu. Naomba unisamehe."

Mama Davis alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautupa kwenye ungo. Kisu kilikuwa kinacheza mkononi mwake, na Deus akayahamishia macho yake kwenye kuku.

"Umesema vizuri," mama alisema. "Ila umekuja kuyasema hapa, mimi na wewe na kuku. Yale mengine uliyasemea wapi?"

"Darasani."

"Basi."

Kisha Mama Davis, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo peke yake, akauweka mkono wake wa kulia gotini, akautazama.

"Hiki si kinywaji. Gongo sijawahi kuionja. Nimeosha dhahabu mwaloni tangu Davis ananyonya. Zebaki unaikoroga na mchanga kwa mkono wako huu, ikishaishika dhahabu unakuja kuichoma. Mimi niliichomea hapa jikoni, kwenye kikaango. Moshi wake haunuki, hukohoi, unaona umepona. Nilipoanza kumwaga chai ndipo nilikwenda hospitali. Daktari akaniambia niache kabisa, nisiiguse. Nikaacha. Nikasikia mnafundisha udongo, nikasema hii ni kazi ninayoweza kuzeeka nayo."

Deus aliyarudisha macho yake kwenye mkono ule.

"Davis hajui," aliendelea. "Na wewe usimwambie mtu. Hapa mkono ukitetemeka watu wana majibu mawili, umekunywa au umelogwa. Nikitaja zebaki wataniambia nauharibia jina mwalo unaowalisha. Nitasema mwenyewe nikiwa tayari. Wewe kaondoe lile la kwako."

Deus aliahidi kwamba kipindi kijacho atasimama mbele ya darasa. Mama Davis alisema basi atakuja kusikiliza.

Na kweli alikuja. Alikaa karibu na mlango, kwenye benchi, bila kugusa udongo. Wanafunzi walipomwona walitazamana, wengine wakamsalimia kwa sauti iliyochangamka kupita kiasi. Deus alikuwa amelala na maneno yake, ameamka nayo, na njiani alikuwa ameyarudia. Alisimama mbele, akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Jamani, nina neno kabla hatujaanza. Siku ile nilimsema Mama Davis mambo ya gongo. Nataka kumwomba radhi mbele yenu."

Ukumbi ulinyamaza. Nyuso zote zilimwelekea, zikisubiri, na zilisubiri kwa ile sura aliyoifahamu, sura ya watu wanaojua kwamba mwalimu akianza hivi kuna kitu cha kuchekesha kinakuja. Kimya kile kilimwelemea. Alihisi kama kijana aliyekaa chini na udongo mapajani huku pikipiki zimesimama mbele yake. Na ulimi, ambao haukuwahi kumsubiri, ukatoka.

"Maana kumbe," alisikia sauti yake ikisema, "kosa lenyewe ni kwamba alikunywa bila kunigawia."

Walicheka kuliko mara ya kwanza. Walipiga meza. Sesilia alijifunika uso kwa kanga. Deus alisimama katikati ya kicheko chao na hakuamini kilichotoka kinywani mwake. Akafungua mdomo arekebishe, lakini hakukuwa na nafasi ya neno kupita.

Mara hii Mama Davis hakucheka. Aliinuka, akaikunja kanga yake ya begani taratibu, kunja juu ya kunja, akaondoka. Hakufunga mlango. Deus alimwona akivuka uwanja wa kanisa mpaka alipopotelea kwenye mikorosho.

Alifundisha mpaka mwisho. Hata yeye hakujua alifundisha nini. Watu walipoondoka alibaki kwenye ndoo akiosha mikono, akaosha, akabadilisha maji, akaosha tena. Nyumbani Tereza alimkuta amekaa nyuma ya nyumba, na safari hii Deus alimweleza yote, isipokuwa la zebaki. Alieleza akiwa ameangalia chini.

Tereza aliketi kando yake. Alikuwa mwanamke aliyeolewa na mtu anayechekesha, na mwenyewe alikuwa amewahi kuchekwa mezani kwake mbele ya wageni. Hakuligusa hilo, lakini Deus alijua kwamba analifikiria.

"Mbele ya watu umeshindwa," alisema mwishowe. "Basi anza kwa mtu mmoja. Nenda Runzewe kwa Vumilia. Huko hakuna wa kumchekesha."

Alipanda bodaboda kesho yake. Kwa akina Vumilia alimkuta binti huyo akichambua maharage barazani, Blessing akitambaa pembeni na kijiko mkononi. Hakumwonyesha furaha. Alimjua yeye ni nani.

"Vumilia," Deus alisema kabla hajakaa, kwa kuogopa akikaa ulimi utapata nafasi, "mama mkwe wako hanywi. Hilo la gongo ni uongo, na mwenye uongo ni mimi. Nililisema darasani ili watu wacheke. Sikumnusa pombe, sikumwona akinywa, hakuna aliyeniambia."

Vumilia aliacha kuchambua.

"Wewe ndiye?"

"Ni mimi."

"Mimi nimeletewa habari nyumbani kwangu na mtu mzima, kwa uchungu, kama mtu anayenionea huruma. Nikaona kweli mkono unatetemeka. Nikaunganisha." Sauti yake ilipanda kidogo, kisha akaishusha kwa ajili ya mtoto. "Nimemtolea mama yule maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hakujitetea. Alinifungia tu nguo za mtoto. Na wewe muda wote huo ulikuwa wapi?"

Deus alisema aliogopa.

"Basi kama si pombe, mkono una nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni, na lilikuwa jibu ambalo lingemsafisha mama na kumpunguzia yeye aibu. Alilimeza.

"Muulize mwenyewe. Si langu kulisema."

Vumilia alirudi kwenye maharage yake. Hakumshukuru wala hakumpa maji ya kunywa. Deus alipokuwa anaondoka alimsikia akimwita mama yake atoke aje amshike mtoto.

Kipindi kilichofuata Deus hakusimama mbele. Aliona kwamba akisimama pale pa siku zote, ulimi utajua kazi yake. Alivuta kigoda, akakaa kati ya wanafunzi, akaviweka viganja vyake juu ya meza, akasema akiwa anavitazama hivyo viganja.

"Leo msinicheke. Nawaomba. Nilisema Mama Davis anakunywa. Ni uongo. Nilipotaka kuomba radhi nikamfanya kichekesho mara ya pili. Hayo mawili nimeyafanya mimi, mwalimu wenu, kwa mama anayeniitikia vizuri na kutufagilia ukumbi. Mjukuu wake amehamishwa kwa sababu ya mdomo wangu. Mkilisikia tena neno hilo huko mnakotoka, semeni limetoka kwangu na halina ukweli."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka kwa mazoea, kisha akakatisha. Kimya kilikuja, kirefu, na Deus akakaa ndani yake. Alitamani mtu amtukane ili kiishe. Hakuna aliyemtukana. Mzee mmoja alikohoa, akachukua donge lake la udongo na kuanza kulikanda, na wengine wakafuata, kila mtu macho chini. Kipindi kiliisha bila mazungumzo.

Sesilia hakuondoka na wenzake. Alikusanya vifaa ambavyo havikuwa zamu yake kukusanya, akavipanga, akavipangua.

"Mwalimu, aliyempelekea Vumilia habari ni mimi," alisema akiwa amempa mgongo.

Deus alimgeukia.

"Nilijua si pombe. Tumeosha marudio pamoja miaka mingi, ule mchanga wa kuoshwa mara ya pili, karai moja. Sijamwona hata siku moja na kikombe." Akageuka. Akaunyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja chini, vidole vimeachana, akauacha hapo bila kuuegemeza. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, kidogo sana, kama jani lisilo na upepo wa kutosha. "Yangu imeanza mwaka huu. Siku ile ulipomshika yeye nilicheka kwa nguvu ili usije ukaitazama ya kwangu. Halafu nikaona watu wakiamini kwake ni pombe, siku yangu ikifika hawataniunganisha naye."

Deus aliutazama mkono ule. Kulikuwa na wakati angepata cha kusema kuhusu mkono huo, na wote wawili walilijua hilo. Alisema tu, "Nenda hospitali, Sesilia. Na nenda kwake."

"Kwake ndiko kugumu," Sesilia alisema, akavuta kanga yake, akatoka.

Alikwenda, ingawa haikuwa siku hiyo. Walichoongea hakuna aliyejua. Ila mtaani lilianza kusikika neno zebaki, kwanza kwa kunong'ona, kisha wazi, na ikawa Mama Davis mwenyewe ndiye aliyelisema, kwenye jumuiya, baada ya sala. Si kila mtu alilipenda. Wapo waliosema anawatafutia watu wa mwalo ubaya. Wapo pia walioendelea kusema ni pombe, kwa sababu habari ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, na hao Deus alikutana nao sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa, akawakatalia kila mara, na kila mara aliona macho yao yakisema huyu naye anatania.

Vumilia alirudi Ushirombo. Davis aliposimuliwa alikuja kutoka Isaka, akabomoa jiko la zamani la mama yake, lililochomewa zebaki, na udongo wa sakafu akauchota na kwenda kuutupa mbali, bila kusema na mtu. Blessing alishinda tena na bibi yake, lakini Vumilia au jirani akiwepo karibu, na kumbeba mgongoni kuliachwa. Mama Davis alikubali sharti hilo. Tereza, aliyemletea Deus habari hizo, alisema mama yule alikubali kwa haraka mno, na kwamba hilo ndilo lililomliza yeye.

Mvua zilikuwa zimeshaanza Mama Davis alipoonekana mlangoni mwa ukumbi. Sesilia alikuwa nyuma yake. Deus aliinuka, akaacha alichokuwa anafanya.

"Shikamoo, mama."

Mama Davis alimpita, akaenda kwenye nafasi yake mwisho wa meza, akaweka kapu chini, akakaa. Ndipo alipoitikia, bila kugeuka.

"Marahaba."

Deus aligawa udongo. Alipofika kwake alisimama. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameukumbuka mkono ule ukiwa hewani, na kila alipoukumbuka aliona jambo ambalo alipaswa kuliona siku ileile kama mwalimu: kwamba kiwiko hakikuwa na pa kuegemea. Mama yake mkubwa, alipozeeka na mikono ikalegea, alikuwa akiweka viwiko magotini na chungu chini kabisa kati ya miguu, akajenga kwa kukandika vipande vidogo vidogo kwa dole gumba badala ya kamba. Alilijua hilo tangu utotoni. Siku ile angeweza kulisema kwa sauti ya chini, likaisha pale, na mama yule angeenda nyumbani na chungu na mjukuu wake mgongoni.

"Mama, kuna namna nyingine," alisema. "Ukikaa chini, ukaegemeza viwiko."

Akanyoosha mkono kumwelekeza. Mama Davis aliuvuta wake.

"Usinishike. Nionyeshe kwako."

Deus alikaa sakafuni mbele yake, mbele ya darasa lote, akaweka viwiko magotini, akaanza kukandika udongo kwa dole gumba. Mama Davis alimtazama kwanza kutoka juu ya kigoda. Baadaye akashuka naye chini, akajipanga, akakata kipande chake. Sesilia akasogea karibu na kushuka pia.

Mama Davis hakumwambia amemsamehe, si siku hiyo wala siku nyingine. Aliendelea kuja, akafagia kama zamani, na vyungu vyake vikaanza kusimama, vizito kuliko vya wenzake, vyenye alama za dole gumba pande zote. Darasa lilipungua kidogo. Waliokuwa wakija kwa ajili ya kucheka walipata pengine pa kwenda. Deus bado alitania mara mojamoja, maana mtu habadiliki ulimi kwa siku moja. Lakini kila darasa lilipocheka, macho yake yalikimbia yenyewe mwisho wa meza kutazama uso wa Mama Davis, na kabla hajauona hakuweza kuendelea na somo.